Ziroteni kwenye majani ya Unguja na Pemba: namna ya kuiendesha na kuitunza bila kuumia

Mwaka wangu wa pili juu ya mashine hii ya kukatia majani, kwenye hoteli moja ya pwani ya mashariki ya Unguja, jiwe la matumbawe lenye ukubwa wa limau lilitoka chini ya deki, lile bati linalofunika visu, likapiga ukuta wa chumba cha dobi na kubandua plasta. Kijana aliyekuwa akianika mashuka alikuwa hatua tatu tu kutoka pale. Kile kifuniko cha pembeni kinachoyainamisha majani yanapotoka, mtu alikuwa amekiinua na kukifunga kwa waya ili majani yatoke haraka, na mimi asubuhi ile sikukitazama. Nilizima, nikashuka, miguu inatetemeka. Nikalitafuta lile jiwe mpaka nikalipata. Ubavu wake mmoja ulikuwa mweupe unang'aa, pale kisu kilipopita.

Kiwango cha juu kabisa kwenye viwango vya usalama vya Marekani kwa mwendo wa ncha ya kisu cha mashine za majani ni futi 19,000 kwa dakika. Hiyo ni karibu mita 96 kwa sekunde, na kwa hesabu ya barabarani inafika kama kilomita 350 kwa saa. Chochote kinachogongwa na ncha hiyo hutoka kwa kasi ya kutisha. Tangu siku ile nimewafundisha vijana wengi, na wote nawaanzia na jambo moja: usalama wa mashine hii hutengenezwa kwa miguu, ukiwa bado chini, kabla hujapanda kwenye kiti.

Mashine yenyewe ni ya namna gani

Ziroteni ni mashine ya kukatia majani ambayo unaikalia, haina usukani na haina pedeli ya breki kama gari. Ina mipini miwili mbele ya kiti. Mpini wa kulia unaamuru tairi kubwa ya nyuma ya kulia, wa kushoto unaamuru ya kushoto, na kila tairi ina pampu na mota yake ya hidroliki. Tairi ndogo za mbele hazina kazi ya kuongoza. Zinajizungukia zenyewe kama magurudumu ya kiti cha ofisini. Ukisukuma mpini mmoja mbele na kuvuta mwingine nyuma, mashine inazunguka pale pale ilipo. Ilibuniwa Marekani, na huku kwetu nyingi ninazoziona zimeingia zikiwa mtumba.

Shika vizuri hilo la tairi za mbele, maana hatari nyingi zinatoka hapo. Kugeuka na kusimama, vyote vinategemea tairi mbili za nyuma kushika ardhi. Zikiteleza, huna cha kugeuzia wala cha kusimamishia. Mwenye gari la kawaida breki zikimponyoka bado ana usukani. Wewe huna.

Uzito nao uuheshimu. Nyingi ya mashine hizi zina zaidi ya kilo 200 na nyingine hupita 500. Ikikulalia, mtu mmoja hawezi kuinyanyua.

Kabla hujainunua

Si kila kiwanja kinaifaa. Inapendeza kwenye uwanja mpana ulio wazi na tambarare: kiwanja cha mpira cha skuli, bustani kubwa ya hoteli, viwanja vya taasisi. Kwa ua wa nyumba, mashine ya kusukuma inatosha na ni rahisi kuitunza. Kwa shamba la eka tatu lenye minazi, mikarafuu na visiki, chukua fyekeo au mashine ya kubeba begani. Na ardhi ya maweni, ile ya upande wa mashariki na kusini ya Unguja ambako jiwe linachomoza kila baada ya hatua chache, mimi siipelekei ziroteni mpaka udongo umwagwe, usawazishwe na majani yashike. Nimeombwa mara nyingi, na jibu langu halijabadilika.

Ukinunua mtumba, kagua vitu vitatu kabla hujatazama injini. Kifuniko cha pembeni kipo, na kinashuka chenyewe kwa springi yake? Swichi ya chini ya kiti inafanya kazi? Upinde wa chuma nyuma ya kiti upo pamoja na mkanda wake? Muuzaji akikwambia swichi ya kiti “inasumbua tu, tumeiunga waya”, ujue swichi hiyo ndiyo inayozima mashine ukianguka kutoka kitini. Irudishe kwanza, ndipo mzungumze bei.

Tembea uwanja

Hii ndiyo kazi yenyewe. Chukua toroli, reki na ndoo, utembee uwanja wote kwa mistari, si kwa kukata kona. Kwenye uwanja wa eka moja inanichukua kama dakika ishirini na tano. Nimepata wakubwa walioona ni kupoteza muda, na sikuwahi kuziacha dakika hizo.

Chini ya mnazi okota kila kitu: kuti, karara, kidaka, kitale, makumbi, vifuu. Kidaka kinaonekana kidogo na laini, lakini kikipita kwenye kisu kinapiga deki kwa kishindo na kinaweza kupinda ncha. Nazi nzima iliyojificha kwenye majani marefu inaweza kupindisha mhimili wa kisu. Halafu tazama juu. Mnazi wenye nazi zilizokauka haupitiwi chini yake siku ya upepo wa kusi. Mwite mkwezi aangue kwanza.

Upande wa pwani kuna vitu vyake. Mishipi, vipande vya nyavu na kamba vinavyoletwa na maji vikijizungusha kwenye mhimili hukaza mpaka vinakula sili ya beringi, na utavikata kwa kisu kidogo nusu saa nzima. Kamba za kufungia ng'ombe na mbuzi ni mbaya zaidi, kwa kuwa upande wa pili wa kamba yupo mnyama. Mwone mwenye ng'ombe siku moja kabla, umwombe kwa adabu amhamishe. Hakuna aliyewahi kunikatalia.

Mawe yanayochomoza, mifuniko ya mashimo ya maji machafu, vichwa vya mabomba na vinyunyizio, vyote viwekee alama. Natumia fito zilizopakwa rangi nyekundu, kwa sababu kijiti kisicho na rangi hakionekani ukiwa kitini. Kwenye uwanja wa kudumu paka chokaa kuzunguka kila jiwe, na majani ya hapo yakatwe kwa mkono.

Kisha tafuta watoto. Nasema tafuta, kwa sababu watakuja. Mlio wa mashine unawavuta kama ngoma. Watangazie kabla hujawasha, uwaweke nyuma ya ukuta au ndani, na apatikane mtu mzima wa kuwaangalia. Akitokea mtoto au mtu yeyote uwanjani, zima visu hapo hapo, usisubiri afike karibu. Na mtoto hapakatwi juu ya ziroteni, hata awe wa tajiri mwenye hoteli, hata visu viwe vimezimwa. Mtoto aliyezoea kubebwa ndiye atakayeikimbilia kesho mgongoni mwako, wakati unarudi kinyumenyume.

Mavazi na saa ya kazi

Buti zilizofunika vidole, zenye meno chini. Ndara hapana, hata kwa dakika tano. Suruali ndefu, shati lililochomekwa. Kanzu, kikoi na skafu iliyoachiwa vibaki ndani. Miwani ya kukinga macho, na vizibo vya masikio, maana ukikaa saa mbili na mlio ule bila vizibo utarudi nyumbani masikio yanavuma, na siku zikijumlika kusikia kunapungua.

Saa nzuri ni kuanzia saa 3 asubuhi, umande ukishakauka, kabla jua halijawa kali. Au baada ya Alasiri. Karibu na msikiti simamisha kazi inapoadhiniwa mpaka watu watoke. Ramadhani mimi hufanya kazi ya asubuhi peke yake, saa moja na nusu basi. Mtu aliyefunga, jua la utosi na injini ya moto mgongoni, kizunguzungu hakiko mbali, na kizunguzungu juu ya mashine hii ni ajali. Siku nyingine weka chupa ya maji, unywe kila nusu saa.

Kuwasha, na mafunzo ya siku ya kwanza

Mashine ikiwa imepoa, tazama oili kwenye kijiti chake, mashine ikiwa mahali tambarare. Jaza petroli nje, mahali pa wazi, injini imezimwa na imepoa angalau dakika kumi. Dumu liwe chini ardhini, si juu ya bodi ya gari. Usijaze mpaka mdomoni, kwa sababu petroli hutanuka kwa joto. Sigara mbali. Petroli ya kwenye chupa za barabarani huja na maji na uchafu. Ikiwa huna budi, ichuje. Na iliyokaa zaidi ya siku 30 usiitie.

Kaa kitini. Kama upinde wa chuma umesimama, funga mkanda. Kama upinde umelazwa ili upite chini ya matawi, mkanda usifungwe, kwa sababu mashine ikipinduka bila upinde utakuwa umejifunga chini yake. Ukishapita hapo, simamisha upinde, funga mkanda tena.

Breki ya kuegeshea iwe imevutwa, mipini imefunguliwa kwa nje, swichi ya visu imezimwa. Injini ikiwa baridi vuta choki. Zungusha ufunguo, usizidishe sekunde tano kwa mara moja. Ikikataa, ipumzishe stata kidogo ujaribu tena. Ikishika, rudisha choki taratibu na uiache ipashe joto dakika moja au mbili. Usiiwashe ndani ya banda lililofungwa. Moshi wake una gesi ya sumu isiyo na harufu.

Kila asubuhi fanya jaribio moja, halichukui dakika. Breki imevutwa, uko tambarare, hakuna mtu karibu: washa visu, kisha jiinue kidogo kutoka kwenye kiti bila kushuka. Injini inapaswa kufa pale pale. Halafu, ukiwa umekaa, jaribu kuwasha injini huku swichi ya visu imewashwa, isikubali. Ikikubali, au ikiendelea kunguruma ulipojiinua, kazi ya siku hiyo haipo mpaka swichi zitengenezwe.

Kijana mpya namweka uwanja wa wazi, visu vimezimwa, injini mwendo wa kati, kwa muda wa siku mbili. Sukuma mipini yote miwili mbele kwa usawa, polepole, kama unayesukuma mlango usiotaka upige kelele. Mashine inakwenda mbele. Irudishe katikati taratibu, inasimama. Hiyo ndiyo breki yako. Ivute nyuma, inarudi. Ukisukuma wa kulia zaidi, inageuka kushoto. Ukisukuma wa kushoto zaidi, inageuka kulia. Kosa la kila anayeanza ni kuishika mipini kwa nguvu. Tairi zikipita kwenye shimo mwili unayumba, mwili unavuta mipini, mashine inaruka zaidi, mwili unayumba tena. Laza mikono kwenye mapaja, ushike kwa vidole. Kijana akiweza kuzungusha mashine kati ya ndoo mbili bila kuzigusa, na kusimama bila kichwa chake kwenda mbele, ndipo namruhusu awashe visu.

Kukata

Weka deki juu kwa duru ya kwanza, hasa uwanja usioujua. Usikate zaidi ya theluthi moja ya urefu wa majani kwa mara moja. Yakiwa marefu sana baada ya masika, kata mara mbili kwa siku tofauti. Ukoka unavumilia sentimita 3 mpaka 5. Lile jani pana la pwani, ambalo jirani zetu wa Kenya wanaliita majani ya Pemba, liachie sentimita 5 hadi 8. Ukilikata chini sana linabaki vigogo vya kahawia na magugu yanaingia.

Anza na duru mbili pembezoni ukielekeza mdomo wa kutolea majani ndani ya uwanja, mbali na nyumba, magari na njia za watu. Injini iende kasi yake kamili ili visu vikate vizuri, lakini mwendo wa mashine uwe wako. Mwishoni mwa mstari usizunguke pale pale ilhali tairi moja imesimama. Tairi hiyo inachimba duara na kung'oa majani. Punguza, geuka kwa upana, au rudi nyuma kidogo ukiandika kama herufi Y. Kabla ya kurudi nyuma zima visu, geuza kichwa utazame kushoto na kulia mpaka nyuma, na uendelee kutazama huko mashine inapokwenda.

Kitu kikipiga kisu, zima visu, zima injini, ngoja visu visimame vyenyewe, toa ufunguo, ndipo ushuke. Mimi nahesabu mpaka kumi hata kama nasikia vimetulia. Majani yakiziba mdomo wa deki, fanya vivyo hivyo, kisha uyatoe kwa kijiti, si kwa mkono. Mtetemo mpya usioujua usiendelee nao. Kuna kisu kilichopinda au boliti iliyolegea.

Mteremko na maji

Skuli moja ya Pemba, kiwanja kizuri, upande mmoja unateremka kwenda kwenye mtaro. Mvua ilikuwa imekatika asubuhi, na nikaona majani yameshakauka. Yalikauka juu, chini yalikuwa maji. Nikaanza kushuka, mashine ikaongeza mwendo yenyewe. Nikafanya kile ambacho kila mtu angefanya: nikavuta mipini nyuma kwa ghafla. Tairi za nyuma zikaanza kuzunguka kinyume juu ya majani bila kushika kitu, na mashine ikawa inateleza kama ngalawa iliyokatika nanga, mbele ikielekea popote inapotaka. Iliyoniokoa ni tuta dogo la udongo. Tairi za mbele zilisimama mkono mmoja kutoka kwenye ukingo wa mtaro.

Unguja sehemu kubwa ni tambarare na unaweza kujisahau. Pemba ni vilima na mabonde, kwa hivyo pima. Chukua fito iliyonyooka ya mita 1 na pimamaji ya mwashi. Weka ncha moja ya fito juu ya mteremko, uilaze mpaka pimamaji iseme iko sawa, kisha pima kutoka ncha ya pili mpaka ardhini. Sentimita 27 ni nyuzi 15, na vitabu vingi vya watengenezaji vinakataza kabisa kupita hapo. Wengine wanasema mwisho nyuzi 10, ambazo ni kama sentimita 18. Mimi nafuata 18, na majani yakiwa na unyevu siingii mteremko wowote. Penye zaidi ya hapo ni mashine ya kusukuma au fyekeo.

Kwenye mteremko unaoruhusiwa nenda polepole, usisimame wala kuanza ghafla, na usigeuke katikati yake. Ukihisi tairi zinateleza, usivute mipini kwa nguvu. Zima visu, irudishe mipini katikati taratibu, uiache mashine ijishike.

Kingo za mitaro, ukuta wa bahari, bwawa la kuogelea na korongo, acha upana wa angalau mashine mbili bila kuzikaribia. Ukingo wenye udongo wa kichanga unaweza kumeguka chini ya tairi hata kama jana ulipita salama. Utepe huo ukatwe kwa mkono.

Baada ya kazi: chumvi

Ukiwa pwani, chumvi ndiyo adui wa kila siku. Injini ikipoa, ondoa majani juu ya injini, kwenye mapezi ya kupozea na karibu na ekzosi, kwa brashi. Majani makavu juu ya ekzosi ya moto huwaka, na banda la makuti halina nafasi ya kuokolewa. Kisha futa mashine kwa kitambaa chenye maji baridi yasiyo na chumvi, uikaushe. Maji ya presha usiyapige kwenye beringi, mikanda, swichi wala injini. Yanasukuma chumvi ndani zaidi. Chini ya deki kwangua majani yaliyoshikamana, kwa kuwa yanashika unyevu na kuoza bati.

Vichwa vya betri vikiota unga mweupe au wa kijani, fungua waya wa hasi kwanza, kisha wa chanya. Osha kwa magadi yaliyoyeyushwa kwenye maji, kausha, funga chanya kwanza na hasi mwisho, paka grisi juu.

Visu

Kila baada ya kama saa 25 za kazi vishushe uvikague. Ukiwa kwenye mchanga, mapema zaidi. Majani yaliyokatwa na kisu butu yana ncha zilizochanika, na kesho yake uwanja una rangi ya kahawia juu.

Egesha tambarare, vuta breki, toa ufunguo, chomoa nyaya za plagi. Injini nyingi za mashine hizi zina silinda mbili, kwa hivyo plagi ni mbili, na zote uchomoe. Inua mbele kwa jeki imara, kisha weka stendi za chuma au magogo mazito ya mti. Tofali la bloku linapasuka ghafla, na jiwe la matumbawe linamomonyoka. Usijilaze chini ya chochote kilichoshikiliwa na hivyo viwili, wala na jeki peke yake. Vaa glavu nene. Kabari kisu kwa kipande cha ubao dhidi ya deki, fungua boliti.

Kitazame kwenye mwanga. Kikiwa na ufa, kimepinda, au lile bawa la nyuma linalopandisha majani limekuwa jembamba kama kadi, kazi yake imekwisha. Hapa mafundi wetu wa kuchomea, ambao wanaweza kufufua karibu kila kitu, nawaomba wasikiguse. Kisu hakichomelewi wala hakinyooshwi kwa nyundo. Kinunuliwe kingine.

Kilicho kizima kinoe kwa tupa au gurudumu la kunolea, ukifuata mteremko wa ukali uliotoka nao kiwandani, kama nyuzi 30. Noa kidogo kidogo; chuma kikigeuka rangi ya buluu kimeungua, kimekuwa laini. Hakihitaji ukali wa wembe, ukali wa kisu cha siagi unatosha. Pigilia msumari ukutani, kitundike kisu kwa tundu lake la kati. Upande unaoshuka ni mzito, unoe zaidi mpaka kitulie sawasawa. Kisu kisicho na usawa hutetemesha mhimili na kula beringi. Kirudishe mabawa yakitazama juu, ndani ya deki, na ukaze boliti kwa spana ya kupimia nguvu kwa kiasi kilichoandikwa kwenye kitabu cha mashine yako.

Mafuta, mikanda na mengineyo

Oili ya injini mpya ibadilishwe baada ya saa 5 hadi 8 za kwanza, halafu kila saa 100, au mara moja kwa mwaka hata kama hazijatimia. Filta ya hewa itazame kila saa 25. Kaskazi ikivuma na vumbi likipanda, kila wiki. Upepo wa tairi za nyuma mara nyingi ni psi 10 hadi 15 na zilingane, kwa sababu tairi moja ikiwa laini deki inakaa upande na mashine inavuta. Mkanda wenye nyufa au unaong'aa kama kioo ubadilishwe kabla haujakatika. Nipo za grisi, vile vichwa vidogo vya kuingizia grisi, zifutwe kabla ya kupiga grisi, vinginevyo unaingiza mchanga kwenye beringi. Oili ya hidroliki fuata kitabu tu, usichanganye.

Mashine ikizimika uwanjani na ukataka kuisukuma, tafuta nyuma yake vijiti viwili vya kuachia hidroliki, uvifungue kwanza. Usiivute kwa gari.

Ukiipandisha kwenye pikapu tumia daraja pana la mbao nzito au chuma linalochukua upana wote wa mashine, si mbao mbili nyembamba. Panda kwa kurudi nyuma, shuka kwa kwenda mbele. Ikiwa inavuka kwenda bandari ya Mkoani, Pemba, kwa meli, toa petroli yote kwenye tangi, funga bomba la mafuta, fungua waya wa hasi wa betri, na ifungwe kwa kamba nne kwenye fremu, si kwenye deki wala mipini.

Matengenezo makubwa yafanye Januari na Februari, majani yanapokua polepole, ili masika yakifika mashine iko tayari. Ikikaa zaidi ya mwezi bila kazi, toa petroli, iwashe mpaka kabureta ikauke, funika kwa turubai linalopitisha hewa, na uangalie panya kwenye nyaya. Mimi nina daftari dogo ndani ya mfuko wa nailoni chini ya kiti: saa za mita, tarehe ya oili, tarehe ya visu, na kila kilichosikika si cha kawaida. Ufunguo unalala nyumbani kwangu, kwenye msumari juu ya mlango, mahali mtoto hafiki.